Pikipiki Kuukuu Inapogoma Kuwaka

Katika pikipiki ndogo ya cc 100 hadi 150, ya aina inayojaa kwenye vijiwe vya bodaboda, umeme hupita kwenye vitu vinne. Magneto iliyo ubavuni mwa injini huuzalisha, rektifaya huunyoosha na kuudhibiti, betri huutunza, na stata huutumia kwa pupa ndani ya sekunde chache. Chochote kati ya hivyo kikiharibika, dalili ni ile ile: swichi inabonyezwa, injini haizunguki. Lawama huiangukia betri, pengine kwa sababu ndiyo rahisi kubadilisha. Mpya hufungwa, pikipiki huwaka vizuri kwa wiki mbili tatu, kisha ubovu hurudi, maana kilichoiua betri ya kwanza bado kimo ndani na sasa kinaimaliza ya pili.

Kiki ndiyo kipimo cha kwanza, na haigharimu kitu. Injini ikiwaka kwa kiki na kunguruma sawasawa, mafuta, plagi na cheche havina tatizo. Hitilafu iko upande wa betri na stata. Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini isiwake, ukaguzi uhamie kwenye plagi na kabureta. Pikipiki ambazo CDI yake, yaani kifaa kinachotoa cheche ya plagi, hulishwa na betri zina hila moja ya ziada: betri dhaifu inaweza kuzungusha injini huku volti zikishuka mno kiasi cha kukosesha cheche. Dalili yake ni injini kushika pale tu kidole kinapoachia swichi, kwa kuwa volti hupanda ghafla wakati injini bado inazunguka. Zile ambazo CDI yake ina koili yake pekee ndani ya magneto hazijali betri, na ndizo baadhi ya waendesha bodaboda huziendesha hata bila betri kabisa. Injini huwaka, lakini betri isipokuwepo ya kutuliza umeme, globu huungua moja baada ya nyingine.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi. Ikiwa imejaa na imepumzika kwa saa kadhaa, mita husoma volti 12.6 hadi 12.8. Volti 12.4 ni takriban robo tatu ya chaji, na 12.0 ni karibu tupu, ingawa namba 12 ndiyo iliyoandikwa ubavuni mwake. Ikibaki kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, chumba kimoja kimekufa na betri haifai tena. Inapotoa umeme, bamba zake hujitanda salfeti ya risasi, na inapochajiwa salfeti hiyo huyeyuka tena. Ikiachwa tupu kwa majuma, salfeti hukomaa kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziondoi. Joto la pwani huharakisha uchakavu huo na kukausha maji. Betri yenye vifuniko huongezewa maji yaliyokenekwa pekee. Si asidi, wala maji ya bomba.

Hata hivyo, namba ya betri iliyotulia haitoshi. Inayotoa ushahidi ni ile inayosomwa wakati stata imebonyezwa. Volti zikishuka chini ya 9.6, ama betri ni dhaifu ama stata imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Zikibaki juu ya 12 na injini haizunguki, umeme hautoki kabisa kwenye betri, na kununua nyingine ni kutupa fedha.

Njia ya umeme huo mwingi ni fupi: waya mnene kutoka betri hadi kwenye rilei ya stata (swichi inayoamriwa na kitufe kupitia waya nyembamba), mwingine kutoka rilei hadi stata, na wa kurudi kutoka kwenye injini hadi upande hasi wa betri. Hapa ndipo pikipiki kuukuu huugua zaidi, na ndipo mita huwadanganya watu. Kwa kanuni ya Ohm, volti zinazopotea njiani ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Kutu kwenye kiungo ikileta ukinzani wa omu 0.1, taa ya ampea 3 hupoteza volti 0.3 tu, na macho hayaoni tofauti. Stata inayotaka ampea 50 ingepoteza volti 5 kwenye kiungo hicho hicho. Haiambulii nguvu ya kuigeuza injini. Ndiyo maana honi inaweza kulia na taa kuwaka vizuri huku stata ikiwa bubu. Mita yenyewe huvuta umeme kiduchu mno, hivyo hata waya uliobaki na uzi mmoja husoma volti 12 kamili.

Dawa ni kupima upotevu wenyewe, huku stata ikibonyezwa. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye skrubu ya stata. Zaidi ya nusu volti ikionekana, kuna kiungo kibovu katikati, na kila kipande cha njia hupimwa peke yake hadi kipatikane. Kisha hupimwa kati ya kichwa hasi na chuma cha injini. Waya huu wa ethi husahaulika mno, hasa baada ya injini kushushwa na kurudishwa, pale unapofungwa juu ya rangi au matope. Msasa, spana na grisi kidogo humaliza kazi ambayo ingegharimu bei ya betri.

Sauti ya rilei nayo husaidia. Ikitoa mlio wa "tak" bila injini kuzunguka, waya wake mwembamba uko salama; kinachoshukiwa ni betri, viungo vinene, ncha za ndani ya rilei zilizoungua, au kaboni za stata zilizokwisha. Isipolia kabisa, tatizo liko kwenye waya nyembamba: fyuzi, swichi ya kuzimia injini, swichi ya klachi au ya gia huru, au kitufe chenyewe kilichoingia maji. Mafundi wengi huziunganisha ncha mbili nene za rilei kwa bisibisi. Njia hiyo huonyesha haraka kama stata ni nzima, ila gia iwe huru, na isifanywe jirani na betri iliyotoka kuchajiwa, kwani hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka kwa cheche.

Upande wa chaji hukaguliwa injini ikiwa inanguruma. Kwenye mizunguko 4,000 hivi kwa dakika, betri inapaswa kusoma volti 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kudhibiti, na maji ya betri yatachemka. Ikibaki 12 au kuendelea kushuka, umeme haufiki. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili huzaa umeme, na magneto hufanya kazi kwa kanuni hiyo: sumaku zilizo kwenye gurudumu zito huzunguka koili zilizosimama. Umeme wake ni mkondo geu. Diodi za rektifaya huupitisha upande mmoja tu, na katika pikipiki nyingi za zamani ziada hupelekwa kwenye ethi, jambo linalozalisha joto. Rektifaya iliyogandiwa na matope, au iliyofichwa nyuma ya urembo wa plastiki, huungua mapema.

Kabla ya kuilaumu rektifaya, plagi ya kuunganisha waya zinazotoka kwenye magneto (si ile ya cheche) itazamwe. Plastiki iliyoyeyuka au pini iliyogeuka kahawia ni ubovu wa kawaida sana. Ikichomolewa, koili hupimwa ukinzani, ambao kwa kawaida hauzidi omu moja au mbili, na volti za mkondo geu zinapaswa kupanda injini inapoongezewa mafuta. Baadhi ya koili huanzia kwenye ethi kwa makusudi na nyingine hazipaswi kuigusa. Mchoro wa waya wa pikipiki husika ndio unaoamua.

Magneto ndogo hutoa umeme haba injini ikiwa taratibu. Kwenye foleni, taa ya mbele ya wati 35, taa za urembo na redio vinaweza kula zaidi ya kinachoingia, na hakuna kilichoharibika.

Linabaki vujo la umeme pikipiki ikiwa imezimwa. Pikipiki nyingi za mkopo katika Afrika Mashariki hufungwa kifaa cha ufuatiliaji kinacholala macho. Kikivuta miliampea 10 tu, kwa siku 20 kitatumia ampea-saa 4.8, na betri ya ampea-saa 5 itakuwa tupu. Hupimwa kwa kupitisha mita ya ampea kati ya kichwa hasi na waya wake, bila kugusa swichi ya stata, la sivyo fyuzi ya mita itakatika. Fyuzi za pikipiki huchomolewa moja moja hadi namba ishuke. Vujo likiwa ni la kifaa cha mwenye mkopo, ambacho hakiondolewi ovyo, pikipiki itakayolala wiki kadhaa huchajiwa kwa chaja ndogo, kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya ujazo wa betri: nusu ampea kwa betri ya ampea-saa 5.