Majitaka, Kisima na Masika
Maji ya maporomoko ya Sanje huanguka takribani mita 170 kutoka milima ya Udzungwa. Chini, katika bonde la Kilombero, hali ni nyingine: wakati wa masika maji ya ardhini hupanda hadi kufikia mashimo ya vyoo, na kisima kifupi kilicho jirani huweza kupokea vimelea vya kinyesi bila mwenye kisima kujua.

Manispaa ya Morogoro inayo mabwawa ya majitaka huko Mafisa. Wengi hudhani kazi hiyo yataka mitambo mikubwa, sivyo. Katika bwawa la kwanza uchafu mzito hutuama na mayai ya minyoo huzama. Katika yanayofuata mwani hutoa oksijeni, na jua huua vimelea. Lakini kinachotibu hasa ni muda: maji yapitayo upesi hutoka na maradhi yake, nayo humwagiliwa mboga.

Kijijini, ambako mabwawa hayapo, mhudumu akishampa ORS na zinki mtoto anayeharisha, na amwulize mama: choo kiko mbali gani na kisima, na kipi kiko juu ya mteremko? Maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana maangavu.