Amana ya Nafsi Mlangoni mwa Zahanati

 Leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa nje laonekana ni la matabibu na serikali, ilhali ni letu sote.

Siku moja hapa Urambo tulimsindikiza mtu wa makamo, mkulima wa tumbaku, kwenda zahanati moja ya mtaani. Tangu alfajiri alikuwa akilalamika kubanwa na kifua. Akiwa kwenye benchi akingoja zamu yake, akaanguka. Muuguzi alikuwa mmoja tu, binti mwenye adabu na huruma. Alimpepea, akamnyunyizia maji usoni, akatafuta mapigo asiyapate, kisha akatutazama sisi. Nasi tuliosoma madrasa na chuo kikuu, tulichokijua ni kumlakinia shahada. Vijana wakakimbilia barabarani kutafuta usafiri. Bajaji ilipofika, robo saa ilikuwa imepita, na ndugu yetu alikwisha kutangulia mbele ya haki.

Hatumlaumu binti yule. Hakufundishwa, wala chumba kile hakikuwa na kifaa. Tunalouliza ni hili: mwenye kufungua mlango kwa wagonjwa, wakaingia saa yoyote bila miadi, je, hakupokea amana ya nafsi zao tangu walipovuka kizingiti?

Wataalamu wanatueleza kwamba moyo unaposimama ghafla, mara nyingi mwanzoni huwa haujatulia kabisa. Hutetemeka ovyo pasipo kusukuma damu. Mashine ya kushtua moyo, waiitayo difibrileta, hupitisha umeme kifuani ili kulikatiza tetemeko lile, moyo upate kurejea katika mwendo wake. Kila dakika ipitayo bila umeme huo na bila kifua kukandamizwa, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Basi msomaji na apige hesabu ya robo saa yetu. Kisha akumbuke kwamba Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete iko Tabora mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 90. Hospitali ya wilaya tunayo hapa, lakini mtu aangukaye kijijini, dakika 10 hazimfikishi hata barabara kuu.

Mwaka 1965, huko Belfast, daktari Frank Pantridge aliipakia mashine hii garini ikitumia betri za gari, na uzito wake ulikuwa kilo zipatazo 70. Leo yapo maboksi ya kilo mbili tatu yenye betri yake, ambayo hayangoji umeme wa gridi urudi. Huuchunguza moyo yenyewe, hutoa maelekezo kwa sauti, na hayapigi umeme pasipohitajika. Vijana wapenda mpira watakumbuka tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen. Alikandamizwa kifua, akapigwa umeme palepale uwanjani, akazinduka, na baadaye akarudi kucheza.

Lakini mashine bila mtu aliyefunzwa ni pambo la kabati. Kabla haijafika, na baada ya kufika, lazima mikono ifanye kazi: kukandamiza katikati ya kifua cha mtu mzima, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka wala kusitasita. Hilo halihitaji shahada ya udaktari. Sisi tumejifunza uzeeni, alasiri moja, na tuliona haya kwamba hatukujifunza mapema.

Wapo wanaosema kuwa ajali ya mja ikifika haisogezwi, na kuushtua moyo uliosimama ni kushindana na kadari. Ndugu hawa wanachanganya mambo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwezi Oktoba 1986, lilihesabu kifo kwa kusimama moyo na pumzi kabisa, na matabibu wakahukumu kuwa hali hiyo hairudi. Mtu aliyeanguka dakika mbili zilizopita hajahukumiwa hivyo. Ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa.

Swali jingine huulizwa na kina mama, na ni la haki: je, mwanamume asiye maharimu amfunue mwanamke kifua ili kubandika vibandiko vya mashine? Wanavyuoni wamekwisha kukubaliana kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, kwa kadiri ya dharura yenyewe. Akiwapo mwanamke aliyefunzwa, yeye ndiye wa kutangulizwa. Asipokuwapo, asingojewe. Walio karibu wanyooshe kanga au kitenge kuwa pazia. Tumesikia kwamba wapo wanaoogopa kumgusa mwanamke aliyeanguka, na stara ya namna hiyo inayomwacha mtu afe hatukuisoma katika kitabu chochote.

Na asidhani mtu kwamba kumlazimisha mganga awe na vifaa na elimu ni fikra iliyoletwa na wageni. Mwaka 319 Hijiria (931 Miladia), mtu alipofariki Baghdad kwa kosa la tabibu, Khalifa al-Muqtadir aliamuru pasiwepo atakayetibu mpaka apimwe na Sinan bin Thabit. Waliopimwa walizidi 860. Katika karne ya 6 ya Hijiria, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, msimamizi wa masoko na kazi za watu. Humo alitaka matabibu watahiniwe, na wawe na ala zao zikiwa kamili. Yaani aliyekagua mizani ya muuza nafaka ndiye aliyekagua na mkoba wa mganga!

Kwetu Tanzania, vituo vya afya ya msingi vilipopimwa kwa nyota mwaka 2015/16, takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Kwa hiyo tunawaelewa wanaotuambia: mama anavuja damu, mtoto ana malaria, nanyi mwataka mashine za moyo? Hoja yao ina uzito. Mashine hii haimsaidii anayevuja damu, na bei yake mara nyingi ni dola elfu moja hadi elfu mbili za Marekani. Ndiyo maana tunapendekeza mafunzo yatangulie, tena kila mahali, kwani mtumishi ajuaye kufungua njia ya hewa na kumpulizia pumzi asiyepumua atamfaa pia mtoto mchanga na aliyezama maji. Kisha mashine ianzie vituo vya afya na kliniki za biashara za mijini. Mwenye kutundika bango karibu na stendi na kutoza ada ya kumwona daktari hana udhuru wa umaskini.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango. Bima inapoingia mkataba na kituo, hapo ndipo pa kuweka sharti: watumishi wangapi wamefunzwa, lini walirudia mafunzo, mashine iko wapi, betri na vibandiko vyake vinaisha muda lini. Kamati za misikiti nazo zisingoje bunge. Harambee iliyoweza kununua vipaza sauti vipya yaweza kumlipa mkufunzi wa siku moja.

Na itakapopatikana mashine hiyo, isifungiwe ofisini. Itundikwe ukutani karibu na benchi la wagonjwa, ionekane na kila aingiaye, na ufunguo usiondoke mfukoni mwa mganga mfawidhi akienda Tabora kwenye semina.