Lita nne hazikutimia, Atlantiki ikavukwa

MFANYABIASHARA yeyote anayepitisha mzigo Malaba, Namanga au Rusumo anajua hesabu ya mafuta. Ukijaza kidogo, unakwama njiani. Ukijaza kupita kiasi, uzito wa mafuta unakula nafasi ya mzigo, na mizani ya barabarani haina huruma.

Mwaka 2003, mzee mmoja wa Marekani aliifanya hesabu hiyo kwa ndege ya mfano. Sheria ilimruhusu kilo tano tu, mafuta ndani yake. Njia aliyoichagua ilikuwa bahari ya Atlantiki, kutoka Canada hadi Ireland, na katikati hakuna kituo cha mafuta wala mahali pa kutua.

Mzee huyo ni Maynard Hill. Alikuwa na umri wa miaka 77, mhandisi mstaafu wa metali aliyefanya kazi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jimbo la Maryland. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kuhesabiwa kisheria kuwa kipofu, na masikio nayo hayakusikia vyema. Hata hivyo aliendelea kuunda ndege kwa mikono, akipapasa kila kiungo, huku wenzake wakimsaidia pale macho yalipogoma.

Kilo tano ni kikomo cha shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI. Ndege ikizidi hapo, rekodi yake haihesabiwi katika daraja hilo. Kwa hiyo kila gramu ya mbao, waya au gundi iliyoongezwa ilikuwa gramu ya mafuta iliyopunguzwa.

Kwa nini petroli

Wakati huo ndege nyingi za mfano za ukubwa huo zilitumia methanoli iliyochanganywa na oili. Injini zake hazihitaji koili wala cheche. Plagi ina kiwaya kidogo kinachobaki chekundu kwa joto na kuwasha mafuta chenyewe. Ni mfumo mwepesi na rahisi, lakini ni mlafi. Kilo moja ya methanoli ina nishati isiyofika nusu ya ile iliyomo katika kilo moja ya petroli. Kwa safari ya dakika kumi na tano uwanjani hilo si tatizo. Kwa safari ya siku mbili, ni sawa na kuondoka Mombasa kwenda Kampala na tangi la pikipiki.

Hill na wenzake walichukua injini ndogo ya Kijapani ya O.S., ya mipigo minne na ujazo wa sentimita za ujazo 10 tu, iliyotengenezwa kwa ajili ya methanoli, wakaigeuza. Waliifungia mfumo wa cheche, wakaibadilisha kabureta ili ipitishe mafuta kidogo mno, kisha wakaitilia mafuta mepesi ya taa na majiko ya kambini, ambayo ni jamii ya petroli iliyosafishwa. Oili ya kulainisha ilichanganywa humo humo.

Kazi kubwa ilikuwa kuirekebisha kabureta. Mafuta yakizidi, tangi linakauka kabla ya nchi kavu. Yakipungua, injini inachemka na kuzima. Majaribio yalifanyika katika shamba la rafiki yao, Beecher Butts, huko Maryland. Ndiyo maana ndege hiyo, TAM-5, ilipewa jina la pili: The Spirit of Butts' Farm.

Injini inavyofungwa

Fundi wa misumeno ya mnyororo au mashine za kufyekea nyasi hawezi kupotea mbele ya ndege kubwa ya mfano inayotumia petroli. Nyingi hutumia injini ya mipigo miwili yenye kabureta ya aina ile ile, inayovuta mafuta kwa kiwambo laini kinachosukumwa na mapigo ya injini yenyewe. Tofauti iko katika ufungaji.

Jambo la kwanza ni mtetemo. Injini hufungwa kwenye ubao mgumu wa mbele kwa boliti zilizotiwa gundi ya nyuzi, maana nati ikilegea angani hakuna wa kuikaza. Pangaboi nalo hupimwa usawa wa pande zake mbili kabla ya kufungwa.

La pili ni mpira wa mafuta. Mpira wa silikoni unaofaa kwa methanoli huvimba na kulainika ukiguswa na petroli, kisha huchomoka. Wajuzi hutumia mpira maalumu wa petroli, na ndani ya tangi huuwekea kizito mwishoni ili ufuate mafuta yanakoelekea ndege ikiinama.

La tatu ni cheche. Kila plagi inaporuka hutoa kelele ya redio inayoweza kuvuruga kipokezi. Kwa hiyo koili na betri yake huwekwa mbali na kipokezi, na waya wa plagi huvikwa ganda la chuma. Swichi ya kuzima injini kutoka mbali haikosekani, kwani pangaboi linalozunguka hukata vidole bila kuchagua.

La nne ni mizani. Ndege husimama sawa ikishikwa kwenye sehemu moja tu ya bawa. Katika TAM-5 mafuta yalikuwa karibu nusu ya uzito wote. Tangi la namna hiyo likikaa mbali na kitovu cha mizani, ndege iliyoondoka sawa huinamisha pua au mkia kadiri mafuta yanavyopungua.

Saa 38 angani

Ndege zilizotangulia zilishindwa, na majaribio ya mwaka 2002 hayakufua dafu. Agosti 9, 2003, Hill aliirusha TAM-5 kwa mkono kutoka Cape Spear, kisiwa cha Newfoundland. Ilipofika juu, mfumo wa kujiongoza kwa setilaiti ulishika usukani. Tangu hapo hakuna mtu aliyeigusa. Waliobaki nchi kavu walitegemea taarifa za mahali ilipo zilizopitia setilaiti, na kila zilipochelewa, mioyo ilienda mbio.

Agosti 11, upande wa pili, Dave Brown alikuwa akiisubiri karibu na Clifden, magharibi mwa Ireland. Ndege ilipoonekana aliichukua kwa redio na kuitua Mannin Beach. Ilikuwa imeruka saa 38 na dakika 52, umbali wa takriban kilomita 3,030. Huo ni zaidi ya mwendo wa lori kutoka Mombasa hadi Kampala na kurudi, kwa mafuta yasiyofika lita nne.

Ni eneo hilo hilo la Clifden ambako John Alcock na Arthur Brown walitua mwaka 1919, walipokuwa watu wa kwanza kuivuka Atlantiki kwa ndege bila kusimama.

Mzigo huu mpakani

Kwa mfanyabiashara anayefikiria kuagiza bidhaa za aina hii, yapo ya kuangalia mapema. Katika nchi zetu, vyombo vinavyoruka bila rubani viko chini ya mamlaka za usafiri wa anga, na kibali hutafutwa kabla mzigo haujafika forodhani. Injini iliyokwisha kutumika haipandi ndege ya abiria ikiwa ina mabaki ya petroli. Betri za lithiamu nazo zina masharti yake. Na mpira wa mafuta, hata uwe wa bei ndogo namna gani, muulize muuzaji ni wa methanoli au wa petroli.

Hill alifariki mwaka 2011. TAM-5 ilipotua, tangini mlikuwa mmebaki mafuta kidogo sana. Lakini yalikuwa yamebaki.