Biashara ya Filamu za Ngono (2): Jina la Nyota ni Mali ya Nani?

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi filamu za ngono zilivyotoka mafichoni huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo tutazame namna waigizaji wake wanavyojengwa kuwa nyota. Umaarufu huo hutengenezwa kwa jina, sura na hadithi, na anayevimiliki vitu hivyo ndiye anayevuna.

Mfano wa mwanzo ni Marilyn Briggs. Alikuwa mwanamitindo, na picha yake akiwa mama aliyempakata mtoto mchanga ilichapishwa kwenye maboksi ya sabuni ya Ivory Snow, iliyojinadi kwa usafi wake. Mwaka 1972 ndugu wawili wa San Francisco, Jim na Artie Mitchell, walimpa nafasi kuu katika filamu ya Behind the Green Door, akaitwa Marilyn Chambers. Habari ya sabuni hawakuificha, bali waliivumisha. Kampuni ya Procter & Gamble ikayaondoa maboksi hayo, lakini wapi! Alipofariki mwaka 2009, magazeti yalikuwa bado yanaitaja sabuni ile.

Zilipokuja kanda za video, mambo yakabadilika. Mteja dukani hakuiona filamu kabla ya kuikodi. Aliona kasha tu. Kampuni ya Vivid, iliyoanzishwa mwaka 1984 jijini Los Angeles, iliutambua upenyo huo. Ikamfunga mwigizaji Ginger Lynn kwa mkataba wa kuifanyia kazi kampuni hiyo pekee, kama studio kongwe za Hollywood zilivyowafanyia nyota wao, na sura yake ikawa ndiyo tangazo.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Jenna Massoli wa Las Vegas. Alisimulia kwamba alilipata jina la Jameson kwa kupekua kitabu cha simu, akalipenda kwa kuwa ni jina la wiski. Mwaka 1995 alisaini mkataba na kampuni ya Wicked Pictures. Hakuishia hapo: alijitokeza redioni na katika filamu za kawaida, na mwaka 2000 akashiriki kuanzisha kampuni yake, ClubJenna. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2004 kiliuzwa sana, na miaka miwili baadaye Playboy ikainunua kampuni hiyo. Jina lilikuwa limegeuka mali inayouzika.

Mia Khalifa, mzaliwa wa Lebanon, yalimkuta kinyume cha hayo. Alifanya kazi hiyo kwa takriban miezi mitatu tu, kati ya mwaka 2014 na 2015. Video aliyovaa hijabu ilimpa umaarufu wa ghafla na vitisho vya kuuawa. Amesema alilipwa jumla ya dola 12,000 hivi, huku video zake zikiendelea kutazamwa mitandaoni na tovuti yenye jina lake ikiwa mikononi mwa wengine. Huu ni unyonyaji wa wazi: aliyebeba hatari hakubeba faida.

Ndiyo maana tovuti ya OnlyFans, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2016, ilipokewa kwa matumaini. Huko mwigizaji huuza video zake mwenyewe na kubaki na asilimia 80 ya mapato. Lakini sasa analazimika pia kuwa mpiga picha, mtangazaji na mjibu ujumbe wa mashabiki, ambao wengi wao wanalipia hasa hisia ya kufahamiana naye. Gharama ya kazi hiyo ya kujifanya rafiki wa maelfu ya watu tutaichambua wiki ijayo.

Itaendelea.