Kuwazuru Jamaa kwa Baiskeli na Mashua: Kutoka Kililana Hadi Visiwa vya Lamu

Kililana iko bara, ukingoni mwa Ghuba ya Manda, ikitazamana na visiwa vya Lamu. Mkaazi wake mwenye shangazi Matondoni, ami Siyu na binamu Witu hawezi kuwafikia wote kwa chombo kimoja. Baiskeli humfikisha gatini au humpeleka barabarani kuelekea Witu, mashua humvusha maji, na miguu humalizia vichochoro ambavyo havipitiki kwa kingine. Safari ya namna hii ina hesabu zake, na mwenye kuzijua hufika kwa jamaa zake angali na nguvu ya kuzungumza nao.

Jamaa walivyotawanyika

Kwa karne nyingi watu wa Lamu na Pate waliishi katika miji ya visiwani na kulima bara. Mvua ya mwaka ikikaribia, walivuka na majembe yao, wakalima mahindi na simsim, wakavuna, kisha wakarudi. Baadhi yao walibaki mashambani pamoja na minazi, miembe na mikorosho yao. Hivyo familia moja ikawa na nyumba kisiwani na shamba bara, na watoto wakakulia pande zote mbili.

Siasa nazo ziliwasogeza watu. Katika karne ya 19, watu wa ukoo wa Nabahani wa Pate walikimbilia bara na kuweka makao Witu. Mtawala wao, Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliingia chini ya himaya ya Wajerumani mwaka 1885, na mkataba wa mwaka 1890 ukaikabidhi nchi hiyo kwa Waingereza. Miaka sabini hivi baadaye, vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwaondoa watu wengi wa jamii ya Wabajuni katika vijiji vya bara upande wa kaskazini. Wakahamia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Miaka ya 1970 serikali ilifungua mpango wa makaazi wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, wakaja walowezi kutoka sehemu nyingine za Kenya, na undugu wa ndoa ukaongezeka juu ya ule wa damu.

Badiliko la karibuni zaidi limeigusa Kililana yenyewe. Tarehe 2 Machi 2012 ulizinduliwa mradi wa LAPSSET, unaokusudia kuiunganisha bandari mpya ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Bandari hiyo ikajengwa Kililana, na gati lake la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Wenye mashamba yaliyochukuliwa walilipwa shilingi milioni 1.5 kwa kila ekari. Wavuvi nao walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fidia ni haki ya mwenye shamba. Hata hivyo, shamba la ukoo lilikuwa pia mahali pa kukutania wakati wa kulima na kuvuna. Likishachukuliwa, jamaa hawaletwi tena pamoja na kazi, na kilichobaki cha kuwakutanisha ni ziara.

Nchi kavu

Kutoka Kililana hadi Mokowe au Hindi ni mwendo wa baiskeli usiomaliza asubuhi. Hindi ndiko njia zinakogawanyika: mmoja huelekea gati la Mokowe ili avuke kwenda Lamu, mwingine hushika barabara kuu ya kuelekea Witu na Garsen. Barabara hiyo, yenye urefu wa takriban kilomita 135, kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo na ilikatika wakati wa mvua. Sasa imetiwa lami. Lami humwezesha mwendesha baiskeli kwenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa bila kujichosha, lakini imeleta pia malori na mabasi ya kasi, na anayepanda baiskeli hana budi kukaa pembeni kabisa na kuepuka giza. Katika kaunti ya Lamu kumewahi kutangazwa amri za kutotoka usiku kwa sababu za usalama, na vizuizi vya askari ni vya kawaida njiani. Kitambulisho hukaa mfukoni, na safari huanza baada ya kuuliza hali ya njia.

Nje ya lami, adui wa baiskeli ni mchanga. Tairi lililojazwa hadi kuwa gumu huzama. Likipunguzwa upepo kidogo hutanuka na kupita juu. Kwa hiyo pampu ni lazima, maana upepo uliopunguzwa mchangani utahitajika tena barabarani. Viraka, gundi na tyubu ya akiba huwekwa kwenye mfuko chini ya siti, kwa kuwa miba ya porini haichagui siku. Chumvi ni adui wa pili. Hewa ya bahari peke yake hutia kutu kwenye cheni, na maji ya bahari huimaliza haraka zaidi. Baiskeli iliyopita ufukweni au iliyorushiwa maji ndani ya mashua huoshwa kwa maji matamu siku hiyohiyo, hukaushwa, na cheni hutiwa mafuta.

Upepo nao huhesabiwa. Kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, humsukuma mgongoni anayetoka Kililana kuelekea Witu, kisha humpinga wakati wa kurudi. Kusi hufanya kinyume chake kuanzia Aprili hadi Septemba, na mwanzo wake huja na mvua za masika, ambapo njia za udongo hugeuka tope.

Maji

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila siku moja na kidogo, na kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Katika pwani hii bamvua ina saa zake. Maji hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri, na hupwa kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi. Jambo hili limekuwa na maana kubwa kwa anayekwenda Pate kutoka Mokowe au Lamu, kwa sababu njia iliyokingwa na mawimbi hupita Mkanda, mlango mwembamba wenye mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Kwa miaka mingi Mkanda ulikuwa wa kina kifupi, na chombo kizito hakikuweza kupita maji yakiwa yamekupwa. Njia nyingine ni kuzunguka nje ya Manda, na wakati wa kusi huko nje mawimbi ni makali. Nahodha anapotaja saa ya kuondoka anataja saa ya maji, na abiria aliyechelewa kwa sababu ya pancha huachwa bila nahodha huyo kuwa mkosaji.

Hesabu hii si ya Lamu peke yake. Kaskazini-mashariki mwa Uingereza kuna kisiwa cha Lindisfarne, kilichounganishwa na bara kwa barabara ambayo bahari huifunika mara mbili kwa siku. Waendesha baiskeli wanaofuata pwani ile husoma jedwali la maji kabla ya kuingia, na wasiosoma hunaswa katikati. Tofauti ni kwamba kule jedwali hubandikwa kando ya njia, na Kililana huulizwa mvuvi.

Kupwa kwa maji kuna faida yake pia. Ufuo wa Shela, wenye urefu wa kilomita 12 hivi kwenye kisiwa cha Lamu, huacha mchanga mgumu karibu na maji, na tairi hupita hapo kwa urahisi zaidi kuliko juu kwenye matuta ya mchanga. Anayekwenda kijiji cha Kipungani kwa njia hiyo huanza maji yakiwa bado yanakupwa, ili afike kabla hayajarudi.

Mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili waliobeba mizigo hupishana kwa shida. Humo baiskeli hukokotwa kwa mkono. Kisiwani Pate, abiria hushukia Mtangawanda na kufuata njia za udongo na mchanga kuelekea Siyu na Faza.

Mlangoni

Ziara ina utaratibu. Wazee, wagonjwa na waliofiwa huanziwa kabla ya wengine, na anayepita mlangoni mwa mfiwa bila kuhani huacha jeraha ambalo zawadi haitalitibu. Mgeni hupiga hodi na kungoja dakani. Wanaume hukaa barazani, wanawake huingia ndani. Kwa Waislamu wa pwani hii kuunga udugu ni wajibu wa dini, na ndiyo maana jamaa wengi husafiri kwenye Idi, na katika mwezi wa Mfungo Sita kwa ajili ya Maulidi ya Lamu, ambayo kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh.

Karia ya baiskeli hubeba mazao ya shamba: nazi, embe, korosho, simsim. Kutoka visiwani hurudi na samaki waliokaushwa, mkeka, au mkate wa mofa uliofungwa kitambaani. Masikio nayo hurudi na kitu. Mtoto wa bara aliyezoea kusikia “njia” na “njoo” shuleni humsikia bibi yake wa Lamu akisema “ndia” na “ndoo”, na akifika Siyu husikia namna nyingine tena. Lahaja hizo hudumu kwa kusemwa na kusikiwa, na ziara ni mojawapo ya mahali ambapo watoto huzipokea.

Saa ya kurudi hupangwa kabla ya kuvuka. Siku za bamvua, aliyevuka alfajiri anaweza kurudi na maji ya alasiri. Siku za maji mafu maji hujaa kwenye saa 4 asubuhi na tena saa 4 usiku, na safari za usiku baharini ziliwahi kupigwa marufuku hapa kwa sababu za usalama. Kwa hiyo mwenyeji anayejua maji hutandika kitanda bila kuulizwa, na baiskeli huingizwa uani mapema, isilale nje kwenye hewa ya chumvi.