HEWA YA INJINI YA PIKAPU: MATENGENEZO YA GHARAMA NDOGO

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu wenye pikapu mmeniuliza kama ni kweli kuwa gari ikizidishiwa hewa hupata nguvu. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini mwaka jana lilitutia hasara. Yafaa nilieleze kabla msimu wa karafuu haujaingia.

Pikapu ya chama ilikuwa nzito kupanda vilima na magunia. Tukaambiwa kuwa kisanduku cha chujio la hewa kinaibana, kikitobolewa, itaruka. Mimi nikaruhusu. Matundu yakatobolewa upande wa ndani, ambako hewa imekwisha kuchujwa. Gari ikanguruma sana, nasi tukadhani mngurumo ndiyo nguvu. Haukupita muda ikaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Injini ilipofunguliwa, vumbi lilikuwa limekwisha kula ringi na silinda. Katikati ya mavuno tukakodi gari za watu, na karafuu nyingine zikakawia zikaingia unyevu. Kosa hilo ni langu.

Sasa tufahamu jambo lenyewe. Lita moja ya petroli, ili iungue sawasawa, hutaka hewa lita 9,000 hivi. Hewa yote hiyo hupita katika chujio, na barabara zetu za udongo mnazijua. Tena hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya digrii 60 chini ya boneti hupungua uzito kwa sehemu 9 hivi katika 100, ukiilinganisha na ile ya nje ya digrii 30. Basi injini inataka hewa safi, baridi, isiyozuiliwa. Haya yafuatayo yanatosha:

1. Chujio. Wakati wa vumbi litazame kila wiki. La karatasi usiligonge kwenye jiwe wala usilifue. Lipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kisha litie taa ndani gizani: ukiona tundu la mwanga, litupe. Chujio jipya ni rahisi kuliko ringi.

2. Mipira. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira uliopo baina ya chujio na injini. Kikitoka na vumbi, pana mahali panapovuja. Badilisha mpira uliopasuka na kaza vibano vyake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Hewa baridi. Kama mdomo wa kuvutia hewa umeelekea rejeta au bomba la moshi, uongeze kwa mpira mnene usioyeyuka kwa joto, uufikishe nyuma ya taa ya mbele. Kipande cha bati baina ya kisanduku na injini nacho hukinga joto.

4. Maji. Mdomo huo usiushushe chini. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia katika silinda, mkono wa pistoni hupinda, na injini imekwisha. Wanaovuka mabonde wakati wa masika wazingatie sana.

Wenye gari za kisasa, msitie oili nyingi katika machujio ya kufua, maana hurukia kipimo cha hewa kikachafuka. Na wenye dizeli, moshi mweusi mara nyingi ni dalili kuwa injini imekosa hewa. Basi anzeni kwa chujio kabla ya kugusa pampu.

Sikuahidini kuwa gari itaruka. Faida ya nguvu ni ndogo, labda mtaiona mlimani tu. Faida kubwa ni kuwa injini itaumaliza msimu nzima. Atakaye kupima mipira yake na aje ofisini na kitambaa cheupe, nitamsaidia, Inshaallah.

Wassalaam,
Katibu wenu