Wana wa Mwambutsa

Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alioa wake 6. Wawili ndoa zao alizibatilisha, wawili aliwakata vichwa, na sehemu kubwa ya vurugu hiyo ilitokana na kiu ya kupata mtoto wa kiume. Kisa chake hufundishwa dunia nzima. Lakini mtu wa Kumsenga, wilayani Kibondo, hana haja ya kuvuka bahari ili asikie habari za ikulu iliyojila yenyewe. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, ambako Kirundi na Kiha cha Kibondo na Kasulu husikilizana bila mkalimani, alikuwako mwami aliyejaliwa watoto wa kiume kama Henry alivyotamani. Wakubwa wawili kati yao, walioikaribia au kuikalia enzi, waliuawa baba yao angali hai.

Mwami huyo ni Mwambutsa wa Nne, Bangiricenge.

Ili kuelewa yaliyowapata wanawe, lazima kwanza kuiweka kando sheria ya Uingereza ya kifungua mimba wa kiume kurithi. Burundi haikuwa na sheria hiyo. Mkubwa wa watoto hakuwa na haki ya kwanza. Mara nyingi aliyerithi alikuwa mdogo kabisa, kitoto kisichoweza kumtishia baba yake. Ilisemwa kwamba mrithi wa kweli huzaliwa amefumba mbegu mkononi, na waliokuwa na kauli ya kusema nani kazaliwa hivyo ni wale wazee watunza siri za ufalme, abanyamabanga. Kwa hiyo mwami alipofariki, kiti kilikaliwa na mtoto, na mamlaka yakashikwa na mama yake pamoja na wajomba au baba zake wadogo. Majina nayo yalizunguka: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena.

Na wale kaka zake waliokosa? Hao walipewa nchi za kutawala chini ya mwami na kuitwa baganwa. Kizazi baada ya kizazi, wana wa mfalme mpya waliwasukuma pembeni wana wa mfalme wa zamani, na waliosukumwa hawakusahau. Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu miaka ya 1850 mpaka 1908, alianza akiwa mtoto chini ya kaka yake Ndivyariye, kisha wakapigana vita. Wazao wa Mwezi waliitwa Abezi. Wazao wa babu yao Ntare Rugamba, ambao Abezi waliwanyang'anya nafasi, waliitwa Abatare. Majina haya mawili yafaa kuwekwa akilini, maana yataonekana tena miguuni pa kitanzi.

Utaratibu huo ulikuwa na damu yake, hakuna haja ya kuupamba. Lakini ulikuwa na breki. Mtoto aliyekalia enzi hakuwa na jeshi la kambini wala chama cha siasa, na mshindwa angeweza kurudi kwenye milima yake akaendelea kuwa mtu mkubwa.

Mwambutsa mwenyewe aliingia kwa njia hiyo ya zamani. Baba yake, Mutaga wa Nne, alikufa kijana Novemba 1915. Masimulizi yanasema kwa ugomvi na ndugu yake juu ya mwanamke. Mrithi alikuwa na umri wa miaka 3 hivi. Bibi yake, Ririkumutima, mwanamke ambaye historia ya Burundi ingemtendea haki kwa kumpa kitabu chake peke yake, alikuwa miongoni mwa walioshika hatamu mpaka alipofariki 1917. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameshatimuliwa na Wabelgiji wameingia. Mwami mtoto akakulia mikononi mwa wakoloni, akabaki kitini kwa miaka 50 na ushei.

Wafalme waliomtangulia walioa wake wengi kwa mpigo. Yeye, aliyekua zama za misheni, alikuwa na mke mmoja kwa wakati. Mwaka 1930 alimwoa Thérèse Kanyonga, akazaa naye Louis Rwagasore, aliyezaliwa Gitega Januari 1932, na mabinti wawili, Rosa Paula Iribagiza na Regina Kanyange. Ndoa ikavunjika 1940. Baadaye alimwoa Baramparaye, na Desemba 1947 akazaliwa Charles Ndizeye. Hakuna mke aliyepelekwa kunyongwa. Ukilinganisha na London ya miaka ya 1530, ikulu ya Burundi ilikuwa mahali pa amani kwa malkia. Hatari ilikuwa kwa watoto.

Rwagasore alisoma Astrida, mji wa Rwanda unaoitwa leo Huye, kisha Antwerp nchini Ubelgiji. Aliporudi 1956 hakukaa akingojea kiti cha baba yake. Alianzisha ushirika wa wafanyabiashara na wakulima ili Warundi wauze na kununua wenyewe, jambo lililowakera wakoloni, kisha akajitosa katika chama cha UPRONA. Alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo 1959. Alikuwa rafiki wa Julius Nyerere, na TANU iliisaidia UPRONA. Watu wa Kigoma waliokuwa wakipanda na kushuka ziwani wakati huo walizijua siasa za Usumbura, Bujumbura ya leo, karibu kama za Dar es Salaam.

Wabelgiji walijaribu kumzuia kwa hoja ya damu yake. Iliamuliwa 1960 kwamba jamaa wa karibu wa mwami wasishiriki siasa, na mwishoni mwa mwaka huo Rwagasore akawekwa kizuizini nyumbani wakati uchaguzi wa mitaa ukifanyika. Chama cha PDC kikashinda. Hapa ndipo mtu aangalie majina: viongozi wa PDC walikuwa Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa Chifu Pierre Baranyanka. Abatare. Ugomvi wa karne ya kumi na tisa ulikuwa umevaa suti na tai na kupata sanduku la kura.

Ushindi huo haukudumu. Septemba 18, 1961, uchaguzi wa bunge ukasimamiwa na Umoja wa Mataifa, na UPRONA ikazoa viti 58 kati ya 64. Rwagasore akawa waziri mkuu. Usiku wa Oktoba 13, akila chakula kwenye hoteli ya Tanganyika kando ya ziwa, akapigwa risasi na Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Alikuwa na miaka 29. Watoto wake wawili wa kike walifariki wakiwa wachanga, na ukoo wake ukakomea hapo. Burundi humkumbuka kila Oktoba 13. Siku inayofuata Tanzania humkumbuka Nyerere, sadfa ambayo kalenda ya Afrika Mashariki haikuipanga.

Kageorgis aliuawa kwa hukumu Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Januari 1963 wenzake watano walinyongwa hadharani Gitega, wakiwamo Ntidendereza na Biroli. Biroli alikuwa amesoma Oxford. Suala la mkono wa maofisa wa Ubelgiji katika mauaji yale halijafungwa mpaka leo, na mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu Ubelgiji waziwazi. Ila kwa yeyote anayeufahamu mfumo wa baganwa, jambo zito zaidi ni hilo la kitanzi: kwa mara ya kwanza mshindwa wa ugomvi wa kiukoo hakuwa na mlima wa kurudi.

Aliyeshika uwaziri mkuu baada ya Rwagasore alikuwa André Muhirwa, shemeji yake, mume wa Rosa Paula. Naye alikuwa Mtare. Ndoa hiyo ya kuunganisha pande mbili, ambayo zamani ingetosha kutuliza mambo kwa kizazi kizima, ilimpa mwaka mmoja na miezi.

Akabaki Ndizeye.

Oktoba 1965 askari walijaribu kuipindua ikulu. Mwambutsa akakimbia, akaishia Ulaya, na Machi 1966 akamkabidhi mwanawe madaraka kwa niaba yake. Kijana alikuwa na miaka 18. Waliomzunguka wakamwambia niaba haitoshi. Julai 8, 1966, akamwondoa baba yake, akamteua kapteni Michel Micombero kuwa waziri mkuu, na Septemba 1 akatawazwa Muramvya kwa jina la Ntare wa Tano. Novemba 28, Ntare akiwa Kinshasa kwenye sherehe za Mobutu, Micombero akatangaza jamhuri. Zilibaki siku 4 mfalme atimize miaka 19.

Edward wa Sita, yule mwana aliyegharimu Uingereza wake watatu na kanisa moja, alitawazwa na miaka 9 na kufa na miaka 15. Watu walitawala kwa jina lake, lakini walihitaji awe hai. Kapteni mwenye kikosi hakumhitaji Ntare akiwa hai wala akiwa mfalme. Tofauti hiyo ndiyo iliyomuua.

Baada ya miaka ya uhamishoni Ulaya, Ntare alifika Uganda Machi 1972. Idi Amin akaomba hakikisho kwamba kijana atakuwa salama, Micombero akaandika barua ya kumhakikishia, na Machi 30 Ntare akapelekwa Bujumbura kwa helikopta. Alikamatwa mara moja na kuwekwa Gitega. Usiku wa Aprili 29 akauawa, akiwa na miaka 24. Kaburi lake halijulikani.

Siku hiyohiyo uasi ulilipuka kusini, kandokando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac. Kisasi cha jeshi kiligeuka kuwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wauguzi. Makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 na kupanda mpaka zaidi ya 200,000. Wengine walivuka kuja Kigoma. Serikali ikawapeleka ndani zaidi, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako walifyeka pori na kulima. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na wazao wao walipewa uraia wa Tanzania. Wimbi la 1993 lilileta makambi Kibondo kwenyewe, Mtendeli, Nduta na Kanembwa, na la 2015 likajaza Nyarugusu na kuifungua Nduta upya. Mama wa Kibondo anayebadilishana mahindi na mafuta ya mgao hafikirii Ntare wa Tano, wala hana sababu. Ila foleni ile ya kambini ina mizizi katika miaka ile.

Mabinti waliishi. Ni hivyo hata kwa Henry: mwana aliyetafutwa alikufa kijana, na binti aliyedharauliwa, Elizabeth, akatawala miaka 44. Burundi haikumpa Rosa Paula nafasi hiyo, kwa kuwa kiti hakikuwa cha mwanamke. Jambo hili lingemshangaza mtu wa Kasulu. Upande huu wa mpaka, katika ufalme wa Heru, Mwami Theresa Ntare alitawala kuanzia miaka ya 1940 mpaka Tanganyika huru ilipoondoa uchifu, naye ni mwanamke. Muhambwe na Buyungu, falme nyingine za Waha, zimebaki kama majina ya majimbo ya uchaguzi. Waha walipoteza ufalme wao kwa sheria ya bunge na hakuna mwami aliyepigwa risasi. Ukoo uliobaki ukalima, ukasoma, ukagombea udiwani.

Rosa Paula Iribagiza alirudi kwao na kuingia bungeni baada ya uchaguzi wa 2005. Ndiye aliyesimama katika kesi ya mwisho ya familia hii. Mwambutsa alikuwa amefariki Geneva 1977 na kuzikwa Meyrin, nje kidogo ya mji huo. Mwaka 2012, Burundi ikijiandaa kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, mabaki yake yalifukuliwa ili yarudishwe kwa mazishi ya kitaifa. Jamaa mwingine wa ukoo akapinga mahakamani, akieleza kwamba mzee aliacha wosia kuwa asirudishwe Burundi. Mashauri yalisogea kutoka mahakama hii hadi ile, mifupa ikisubiri. Uswisi ikaamua kufuata matakwa ya marehemu, na mwaka 2017 akazikwa tena Meyrin.